Tamko la Mawakili: Majalada ya Wateja Yahamie Wingu, Ufunguo Ubaki Ofisini

Sisi mawakili wa kujitegemea wenye ofisi ndogo na za kati Tanzania Bara, kwa kauli ya chama chetu, tunatoa tamko hili kwa mawakili wenzetu, kwa wateja wanaotukabidhi siri zao, kwa Mahakama, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kwa kampuni zinazouza huduma za wingu hapa nchini.

Jalada la mteja ni amana. Kuliweka kwenye karatasi peke yake, au ndani ya kompyuta moja iliyo mezani kwa wakili, hakutoshi tena kuilinda amana hiyo. Tunawataka wanachama wetu wahamishie kumbukumbu za wateja kwenye wingu, na wafanye hivyo wakijua mambo matatu: data itakaa nchi gani, nani ataweza kuifungua, na itatolewaje siku ofisi ikiamua kuondoka. Anayehama bila kuyajua hayo anamkabidhi mtu asiyemfahamu siri ambazo si zake yeye.

Huduma ya wingu, kwa kifupi, ni kukodi. Kampuni ina kompyuta zenye nguvu na nafasi kubwa ya kuhifadhi katika kituo chake cha data. Wakili anazifikia kwa intaneti, kutoka kwenye simu au kompyuta yoyote aliyoipa ruhusa, na analipa ada ya mwezi au ya mwaka badala ya kununua mashine.

Wengi wetu tumekwisha kuingia huko bila kukusudia. Rasimu ya mkataba inatumwa kwa barua pepe ya bure iliyofunguliwa kwa jina la binafsi. Picha ya hati miliki inapita WhatsApp, inabaki katika simu ya mteja, ya wakili na ya karani, na mara nyingi inajihifadhi yenyewe kwenye akaunti ya picha ambayo watoto nyumbani nao wanaifungua. Hilo nalo ni wingu, ila halina mkataba unaomlinda mteja, halina mipaka ya ruhusa, wala hakuna wa kuulizwa mambo yakiharibika. Kwa hiyo wakili anayetuambia kwamba yeye hataki mambo ya wingu, tunamwomba kwanza aipekue simu yake.

Mahakama imekwisha kuhama

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 iliipa data ya kielektroniki nafasi yake katika ushahidi. Mwaka 2018 zikatungwa kanuni za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki, na leo wakili anafungua shauri na kufuatilia tarehe za kesi kupitia mfumo wa Mahakama wa kusimamia mashauri. Maamuzi ya Mahakama ya Rufani na ya Mahakama Kuu yanasomwa bure kwenye TanzLII. Wenzetu wa Kenya walianza kupokea nyaraka kielektroniki katika mahakama za Nairobi tarehe 1 Julai 2020, na Machi 2024 mfumo wao ukaenezwa nchi nzima.

Ofisi zetu nyingi zimebaki nyuma ya Mahakama. Hati ya kiapo ikishasainiwa na kugongwa muhuri, karani anaipeleka duka la steshenari kuiskani kwa sababu skana ya ofisi imekufa. Anairudisha kwenye flashi. Flashi inachomekwa kwenye kompyuta ya wakili pamoja na virusi ilivyookota huko, kisha faili linapakiwa kwenye mfumo wa Mahakama saa ikiwa imeyoyoma. Kazi imefanyika na kila mtu anapumua. Lakini ile hati, yenye majina ya watoto na sababu ambazo mke amezitoa akiomba talaka, imebaki kwenye kompyuta ya dukani, na kesho atakayekuja kutoa fotokopi ya cheti chake atakaa mbele ya kioo hicho hicho. Hakuna aliyekusudia ubaya. Siri ya mteja imevuja kwa shilingi mia chache.

Skana ndogo ya mezani, au hata simu yenye programu nzuri ya kuskani inayopeleka waraka moja kwa moja kwenye jalada la mteja, inaondoa safari hiyo yote. Hiyo ndiyo faida ya kwanza tunayoitaja, na tumeitaja kwanza kwa sababu inamgusa karani, ambaye ndiye anayebeba makaratasi yetu kila siku.

Muda wa rufani haumsubiri mtu

Wakili yeyote wa madai anaujua uzito wa tarehe. Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani kwa shauri la madai anapaswa kuwasilisha notisi ya rufani ndani ya siku 30 tangu uamuzi utolewe. Nakala ya notisi hiyo impate mjibu rufani ndani ya siku 14. Barua ya kuomba mwenendo wa shauri nayo iandikwe ndani ya siku 30, na nakala yake ipelekwe kwa upande wa pili, la sivyo muda uliotumika kuandaa mwenendo hautaondolewa kwenye hesabu. Rufani yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 60 tangu notisi ilipowasilishwa. Ukikosa hatua moja tu, rufani yenye hoja nzito inaweza kutupwa kabla hoja hizo hazijasikilizwa, na mteja hataelewa kamwe kwa nini alishindwa bila kusikilizwa.

Sasa tuchukulie hukumu imesomwa Mwanza siku ya Ijumaa. Mteja yuko Bukoba. Wakili yuko Mwanza leo, Jumatatu ana shauri Shinyanga, na mwenzake anayemsaidia utafiti yuko Dar es Salaam. Katika ofisi ya karatasi, jalada limo mfukoni mwa wakili mmoja na tarehe zimo kwenye shajara yake. Akiugua njiani, tarehe zinaugua naye.

Katika ofisi iliyohamia wingu, wakili anatoka mahakamani na kuandika tarehe ya hukumu kwenye kalenda ya kesi kwa simu yake. Kalenda inazihesabu siku 14, 30 na 60, na inawakumbusha watu watatu, si mmoja. Mwenzake wa Dar es Salaam anafungua jalada lile lile jioni hiyo na kuanza kuandika notisi. Wakili anairekebisha akiwa ndani ya basi, kwenye waraka ule ule, bila kuwapo matoleo manne yanayoitwa “mwisho”, “mwisho kabisa”, “mwisho mpya” na “mwisho wa kweli”. Mteja anapelekewa kiungo cha kusoma tu; akimaliza, kiungo kinafungwa. Karani anawasilisha Jumatatu asubuhi, na stakabadhi ya mfumo wa Mahakama inaingia kwenye jalada papo hapo. Tunasema bila kusita kwamba kalenda ya kesi inayoonwa na zaidi ya mtu mmoja ingeziokoa rufani nyingi za watu wetu.

Kuna faida nyingine ambayo wenzetu wengi hawaifikirii. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ukamilifu wake ulivyolindwa. Mfumo mzuri wa wingu unaandika wenyewe nani alifungua waraka, lini, akabadilisha nini. Mfanyabiashara akileta mawasiliano ya barua pepe kuthibitisha deni, ofisi inaweza kuonyesha kwamba tangu siku ilipoyapokea hakuna aliyeyagusa. Flashi iliyozunguka mikononi mwa watu watano haiwezi kutoa ushahidi huo.

Wakili akifariki

Hapa tunaomba wasomaji watuvumilie tukae kidogo, kwa sababu jambo hili linatuuma.

Ofisi nyingi za wanachama wetu ni za wakili mmoja. Ana karani, pengine na mwanasheria kijana anayejifunza kazi. Wakili huyo akifariki ghafla, msiba unaanzia nyumbani na kuhamia ofisini. Mwenye nyumba anadai kodi, anafunga mlango kwa kufuli lake. Karani hajalipwa, anatafuta kazi kwingine. Kompyuta mpakato inachukuliwa na ndugu, nywila alikuwa nayo marehemu peke yake. Ndani ya kabati kuna wosia za watu walio hai na mikataba ya mauziano ya viwanja ambayo fedha za awamu ya pili bado hazijalipwa. Kuna majalada ya kesi zinazotajwa wiki ijayo. Wateja wanakuja mmoja mmoja, wanasimama barazani, wanasoma karatasi ya rambirambi iliyobandikwa mlangoni, wanaondoka.

Muda wa mteja kudai haki yake hausimami kwa sababu wakili wake amezikwa. Sheria ya Ukomo wa Muda inaendelea kuhesabu: miaka 6 kwa madai ya mkataba, miaka 12 kwa kudai ardhi, miaka 3 kwa madhara. Mtu aliyebakiwa na wiki mbili za ukomo, na nyaraka zake zikiwa nyuma ya kufuli la mwenye nyumba, amepoteza haki bila kosa lake.

Huduma za wingu zinaruhusu mwenye akaunti kumteua mapema mtu wa pili atakayepata ruhusa endapo yeye ataondoka au atashindwa. Kwa wakili, mtu huyo lazima awe wakili mwingine mwenye leseni hai, anayefungwa na wajibu ule ule wa usiri. Asiwe mke, mume wala mtoto, hata kama familia inaaminiana vipi. Siri hizi hazirithiwi. Tunamtaka kila mwanachama mwenye ofisi ya peke yake amteue wakili mbadala, waandikiane makubaliano mafupi, na mteja ajulishwe jina lake katika barua ya kwanza ya kukubali kazi. Makubaliano yaseme wazi kwamba wakili mbadala hafungui jalada lolote mpaka tukio limetokea, na kwamba akishafungua kazi yake ya kwanza ni kuwapigia wateja simu, tarehe za karibu zikitangulia.

Tunaongeza tahadhari moja. Wosia ulioskaniwa si wosia halisi. Hati miliki na nyaraka zilizosainiwa kwa mkono mbele ya mashahidi bado zinahitaji kabati lisiloungua na orodha iliyo sahihi. Soko Kuu la Kariakoo liliteketea tarehe 10 Julai 2021. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa likaporomoka katika eneo hilo hilo la Kariakoo na kuua watu. Katika maafa ya namna hiyo mtu anayenusurika anabaki akitafuta namna ya kuthibitisha alichokuwa nacho. Nakala iliyo mbali na mtaa wake inampa pa kuanzia, hata kama haichukui nafasi ya hati yenyewe.

Hofu ya usiri

Hoja tunayoisikia zaidi kwa wazee wa taaluma ni hii: siri za mteja zitakaaje kwenye mashine za mtu mwingine? Ni hoja ya heshima, nasi hatuipuuzi. Mawasiliano ya mteja na wakili yanalindwa na sheria ya ushahidi, na kanuni za maadili zinamfunga wakili kuyatunza hata baada ya kazi kwisha. Ila hoja hiyo inachukulia kwamba mashine iliyo ofisini kwetu ni salama zaidi kwa sababu tu tunaiona.

Kampuni ya mawakili ya Mossack Fonseca ya Panama ilikuwa na wateja matajiri duniani kote. Aprili 2016 waandishi wa habari wakaanza kuchapisha habari kutoka kwenye nyaraka milioni 11.5 zilizovuja kwake. Wataalamu waliochunguza tovuti zake walikuta programu zilizopitwa na wakati, ambazo hakuna aliyezisasisha. Machi 2018 kampuni ikatangaza kufunga milango. Kulikuwa na manufaa ya umma katika mambo yaliyofichuliwa, hilo hatulibishi, lakini kwa upande wa utunzaji wa nyaraka somo liko wazi: mashine isiyosasishwa haina usiri. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilizikwamisha kompyuta na simu za DLA Piper, moja ya kampuni kubwa za mawakili duniani. Ikiwa ofisi yenye idara nzima ya teknolojia iliangushwa, wakili wa ghorofa ya pili Mwanza asidhani kwamba udogo wake unamficha.

Kampuni kubwa za wingu zina watu wanaokesha kuziba mianya. Wanachoshindwa kukufanyia ni kulinda nywila yako. Milango inayovunjwa mara nyingi ni ya mtumiaji: nywila ile ile kwenye kila akaunti, karani aliyeacha kazi tangu mwaka jana na bado anaweza kuingia, barua pepe bandia iliyobofywa kwa haraka. Ndiyo maana tunalifanya jambo hili kuwa sharti, si ushauri: kila akaunti ya ofisi ya mwanachama wetu iwe na uthibitishaji wa hatua mbili, kila mfanyakazi awe na akaunti yake mwenyewe, na anayeondoka afungiwe ruhusa siku hiyo hiyo kabla ya kuagwa. Mwanafunzi aliye mafunzoni aone majalada aliyopangiwa tu. Simu ya wakili iwe na kufuli, na iweze kufutwa kwa mbali ikiibwa daladalani.

Wala wingu lenyewe si nakala ya akiba. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja waliokuwa wameweka data na nakala yake mahali hapo hapo walipoteza vyote. Ofisi iwe na nakala ya pili kwa mtoa huduma mwingine au kwenye diski iliyosimbwa inayofungiwa mahali mbali na ofisi, na angalau mara moja kila robo mwaka mtu ajaribu kuirejesha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa hakuna anayejua kama inafunguka.

Data inakaa nchi gani

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi Aprili 2024. Ofisi ya wakili inakusanya taarifa binafsi kila siku, nyingi zikiwa nyeti: afya ya majeruhi wa ajali, makosa ya jinai ya mshtakiwa, mali za wanandoa, majina ya watoto. Kwa hiyo ofisi inapaswa kusajiliwa na Tume, kuweka ulinzi unaofaa na kutoa taarifa usalama ukivunjwa. Kutetea haki za wengine hakutupi msamaha wa kutoisoma sheria inayotuhusu.

Kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi kunahitaji kibali cha Tume. Na hapa ndipo penye ugumu, maana huduma nyingi tunazozijua zimehifadhiwa nje. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Hao ndio majirani wetu wa karibu kwa kampuni hizo tatu. Asipochagua eneo mwenyewe wakati wa kujiandikisha, wakili anaweza kukuta data yake imekaa Ulaya au Marekani. Tena kuna sheria ya Marekani ya Machi 2018, iitwayo CLOUD Act, inayoziruhusu mamlaka za nchi hiyo kuzidai kampuni zilizo chini ya mamlaka yake data zinayoishikilia, hata kama mashine ziko nje ya Marekani.

Kwa mikataba ya kawaida, mirathi na madai ya kibiashara, tunaona kituo cha nje chenye kibali na mkataba mzuri kinafaa. Kwa majalada ambayo kuvuja kwake kunaweza kumgharimu mtu uhai au uhuru, tunashauri hatua zaidi: yasimbwe fiche kwenye kompyuta ya wakili kabla hayajapakiwa, na ufunguo abaki nao wakili, ili mwenye kituo cha data hata akilazimishwa asiwe na cha kusoma. Au yahifadhiwe kwenye kituo cha data kilichomo nchini. Ofisi isifanye majalada yote kuwa sawa kwa sababu tu mfumo ni mmoja.

Tunaiomba Tume iutazame utaratibu wa kibali kwa jicho la ofisi ya wakili mmoja. Utaratibu ulioandaliwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu, ukiletwa kama ulivyo kwa wakili wa wilayani, utamfanya ama ajifiche ama arudi kwenye flashi. Kibali cha pamoja kwa ofisi zinazotumia huduma ileile, katika nchi ileile, kwa masharti yaleyale, kingeipunguzia Tume mzigo na kutuweka wengi ndani ya sheria.

Intaneti ikikatika

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi ikakaa na intaneti ya kusuasua. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku za uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Wakili ambaye majalada yake yote yalikuwa kwenye wingu peke yake, siku hizo hakuweza kufungua hata barua aliyoiandika mwenyewe.

Dawa yake ni nyepesi na inapaswa kuwekwa siku ya kwanza: majalada ya kesi zilizo hai yawe pia ndani ya kompyuta ya ofisi iliyosimbwa, na yajioanishe yenyewe mtandao ukirudi. Wakili afanye kazi bila intaneti siku nzima na asipoteze neno.

Ila kuwasilisha mahakamani bila intaneti hakuna dawa ya ofisini. Kanuni za 2018 za kuwasilisha nyaraka kielektroniki zilitambua kwamba mfumo unaweza kupata hitilafu na zikampa aliyekwama nafasi ya kumwendea Msajili. Tunaiomba Mahakama itamke wazi kwamba siku ambazo intaneti imekatika nchi nzima, kwa sababu yoyote ile, haziingizwi katika hesabu ya muda, bila kila mhusika kulazimika kuleta kiapo cha kuthibitisha jambo ambalo taifa zima lililiona. Na kwa Serikali tunasema kwa heshima na kwa uwazi: haki ikishahamishiwa mtandaoni, kuzima mtandao ni kuifunga masjala ya Mahakama mbele ya mwananchi, na yule aliye rumande akisubiri maombi ya dhamana ndiye anayeumia wa kwanza.

Fedha na mkataba

Wenye ofisi ndogo wanauliza bei. Huduma za wingu hulipwa kwa kila mtumiaji, mara nyingi kwa dola, na tangu Julai 2022 watoa huduma wa nje wanaouza kwa njia ya mtandao nao wamewekewa utaratibu wa kulipa VAT. Hesabu hiyo iwekwe kando ya hesabu ambayo hatujazoea kuiandika: seva, betri ya kuilinda umeme ukikatika, kiyoyozi, fundi anayeitwa kila mwezi, fotokopi, na nauli za karani. Ofisi ya watu watatu haihitaji mfumo mkubwa wa kusimamia mawakili. Barua pepe ya kulipia yenye jina la ofisi, hifadhi ya nyaraka yenye ruhusa zilizopangwa na kalenda ya pamoja zinatosha kuanzia. Mengine yaje kazi ikiyadai.

Kuhusu mkataba na mtoa huduma, sisi ni watu tunaolipwa kusoma mikataba ya wengine, na hakuna sababu ya kubofya “nakubali” pasipo kusoma wa kwetu. Masharti ya kawaida ya huduma hizi hupunguza dhima ya kampuni hadi kiwango cha ada uliyolipa, hupeleka migogoro kwenye mahakama za nchi nyingine na humruhusu mtoa huduma kubadili masharti kwa taarifa ya barua pepe. Wakili mmoja hawezi kujadiliana na kampuni ya ukubwa huo. Chama kinaweza kujadiliana na wauzaji wake wa hapa nchini, na tumeazimia kufanya hivyo kwa niaba ya wanachama wote.

Kwa kampuni zinazotuuzia, tunadai haya. Data ya mteja isitumike kufundishia mifumo ya akili mnemba, na hilo liandikwe kwenye mkataba wenyewe badala ya kuachwa kwenye mpangilio uliofichwa kurasa saba ndani. Wakili akiondoka apewe majalada yake yote katika muundo unaofunguka kwenye programu yoyote, ndani ya siku 30, bila kulipishwa kwa kuondoka. Akichelewa kulipa ada, azuiwe kuongeza nyaraka, lakini asizuiwe kusoma zilizopo. Kesi ya mteja isianguke kwa sababu kadi ya benki ya wakili imeisha muda. Mamlaka yoyote ikidai data ya ofisi ya wakili, wakili ajulishwe kabla haijatolewa, isipokuwa sheria imekataza, ili aweze kwenda mahakamani kuutetea usiri wa mteja.

Utekelezaji

Kamati ya Utendaji itaandaa mkataba wa mfano kwa Kiswahili kati ya ofisi ya wakili na mtoa huduma za wingu, pamoja na barua ya mfano ya kumweleza mteja taarifa zake zitahifadhiwa wapi na nani atazifikia. Mteja ana haki ya kukataa jalada lake kuhifadhiwa nje ya nchi, na wakili aheshimu kukataa huko bila kumtoza zaidi.

Mafunzo yataanza na makarani. Wao ndio wanaoskani, wanaopakia, wanaopokea simu ya mtu anayejidai ni fundi na kuomba nywila. Ofisi isiyomlipa karani wake siku ya mafunzo haitahesabiwa kuwa imetekeleza tamko hili.

Mikoani, ambako intaneti ya nyaya haijafika na bando la simu ndilo tegemeo, tutaomba kutumia vyumba vya mawakili vilivyomo kwenye majengo ya mahakama, viwe na skana na mtandao wa pamoja, kwa mpango utakaokubaliwa na Wasajili wa maeneo hayo.

Kila mwanachama mwenye ofisi ya peke yake atawasilisha kwa Katibu wa tawi lake jina la wakili mbadala, likiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, atakapokuja kulipa ada ya mwaka. Bahasha haitafunguliwa ila kwa taarifa ya msiba au ya ugonjwa unaomzuia kufanya kazi.